Ulimwona Huyo Buibui?

Mgonjwa aninyosheapo mkono wenye kidonda na kusema ameumwa na buibui, humwuliza kwanza: ulimwona? Aghalabu hakumwona. Huwa ni jipu, au alama ya kile kijidudu chembamba chenye rangi nyekundu na nyeusi, ambacho hakiumi kamwe, bali kikipondwa juu ya ngozi majimaji yake huiunguza. Wahudumu wenzangu, tusiache kuuliza. Jipu lililoandikwa “buibui” kwenye faili huchelewa kupasuliwa.

Wa kuchunga yupo: buibui wa kahawia mwenye tumbo la mviringo, na chini yake alama ya rangi ya machungwa, mfano wa pembetatu mbili zilizogusana ncha. Hujificha chini ya viti na ndoo, na vifuko vya mayai yake vina vimiba. Akiuma, jeraha halionekani sana. Maumivu ndiyo makali. Mtoto akiumwa, apelekwe kituoni.

Yule wa darini mwenye miguu mirefu, mwacheni. Kandokando ya Ziwa Victoria yupo hata buibui mdogo arukaye, Evarcha culicivora, apendaye kuwinda mbu walioshiba damu. Nasi humpulizia dawa!