Yamkini si yakini: tujihadhari na dhana

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mjuzi wa yaliyofichikana vifuani, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake.

Ndugu Waislamu, katika mazungumzo yetu ya kila siku, barazani, sokoni na mwaloni, yapo maneno tunayoyatumia bila kuyapima: nadhani, nakisia, nahisi, pengine, huenda, yamkini, inasemekana. Maneno haya si mabaya. Yamo katika lugha ili msemaji mwaminifu akiri kwamba hana hakika na analolisema. Balaa huanza pale neno linapotoka kinywani mwa mtu wa kwanza likiwa "yamkini", likafika sikioni mwa mtu wa tatu likiwa "yakini". Kwa sauti maneno hayo mawili ni jirani. Kwa maana, baina yao pana bahari.

Wanazuoni wa Usuli al-Fiqhi wameyapanga mambo haya kwa madaraja. Yakini ni ujuzi usio na shaka. Dhana ni pale upande mmoja unapoelemea. Shaka ni pale pande mbili zinapokuwa sawa. Wahamu ni ule upande dhaifu ambao moyo unaushikilia bila ya dalili. Kiswahili chetu nacho kina ngazi zake. Mvuvi wa Musoma anayetazama mawingu juu ya Ziwa Victoria kabla ya kusukuma mtumbwi wake anakisia, maana anazo alama anazozisoma. Asemaye bila alama yoyote anabahatisha. Anayeielekeza dhana mbaya kwa mtu anashuku, na anayeitoa shuku hiyo hadharani anatuhumu. Hapo ndipo mchezo wa maneno unapokwisha, kwa kuwa sasa yupo mtu anayeumia.

Dini yetu haikuharamisha kila dhana. Msafiri asiyejua kibla hujitahidi kwa alama alizonazo, akaswali. Lakini katika Suratul Hujurat, aya ya 12, Mwenyezi Mungu (S.W.) anawaamrisha waumini wajiepushe na dhana nyingi, kwa kuwa zimo ndani yake zilizo dhambi. Tuutazame mpangilio wa aya hiyo. Baada ya dhana limekatazwa kupelelezana, na baada ya kupelelezana limekatazwa kusengenyana. Ndivyo mambo yanavyokwenda: mtu hudhani, kisha huchungulia, kisha hutangaza.

Kwetu sisi wa Kanda ya Ziwa, somo hili si la vitabuni tu. Kwa miaka mingi kanda hii imeshuhudia vikongwe, wengi wao wanawake, wakiuawa kwa kushukiwa uchawi, na alama iliyotajwa mara nyingi ni macho mekundu. Tujiulize, wekundu huo umetoka wapi? Bibi aliyepika kwa kuni na samadi kavu tangu utoto wake, au aliyekaa miaka arobaini mbele ya moshi wa kubanika samaki, macho yake yatakuwaje? Wengine wana ugonjwa wa vikope, wengine ni uzee tu. Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto, nao walisema kweli. Moto wenyewe ni ule wa jikoni, uliopika chakula tulichokula sisi.

Mtoto akifa ghafla kwa malaria, familia iliyo katika majonzi hutafuta sababu. Mmoja husema "yamkini". Mwingine huenda kupiga ramli, na mpiga ramli, ambaye kazi yake ni kubahatisha, humtajia jirani. Mara nyingine nyuma ya tuhuma hizo kuna shamba la mjane linalotamaniwa. Mwezi Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli, baada ya mauaji ya ndugu zetu wenye ulemavu wa ngozi. Kwa Muislamu marufuku hiyo ilikuwapo karne nyingi kabla. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba anayemwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, swala yake haikubaliwi siku arobaini.

Nyumba ya Mtume (S.A.W.) yenyewe haikusalimika na uvumi. Bi Aisha (R.A.), wakirejea kutoka msafara wa Banu Mustaliq, aliachwa nyuma akiutafuta mkufu wake. Swahaba Safwan bin Muattal (R.A.) akamkuta, akamleta juu ya ngamia wake. Wanafiki walipoona hivyo wakajaza wenyewe wasichokiona, na kwa muda wa mwezi mzima Madina ikawa katika dhiki. Mtume (S.A.W.) hakuhukumu kwa uvumi. Aliuliza waliomjua mkewe, akasubiri, mpaka zikashuka aya za Suratun Nur zikimtakasa. Aya ya 12 ya sura hiyo inawalaumu waumini kwa kutodhaniana wema tangu walipoisikia habari ile. Kumbe ipo dhana tunayodaiwa tuwe nayo, nayo ni dhana njema.

Mafakihi wametuachia kanuni kubwa: yakini haiondolewi na shaka. Mwenye udhu akishuku kama umetenguka, udhu wake upo. Basi ikiwa udhu wa mtu mmoja hauvunjwi na shaka, itakuwaje heshima na uhai wa bibi yetu vivunjwe na shaka? Katiba ya nchi yetu ya mwaka 1977, ibara ya 13, nayo inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla haijathibitika kwamba ametenda kosa.

Enyi wazazi wa Musoma, Bunda na Butiama, somo hili lianzie majumbani. Mtoto akileta habari ya jirani, tumuulize: umeona mwenyewe, umesikia, au umedhani? Akizoea kutenganisha matatu hayo akiwa mdogo, hatakuwa mmoja wa kundi linalobeba mapanga usiku akiwa kijana. Nasi tunaposikia "inasemekana", tuulize nani amesema na ameona nini. Asipopatikana aliyeona, neno hilo life hapo hapo mikononi mwetu. Na yule bibi anayeogopwa, tumtembelee, tumpelekee kuni na chakula, tumpeleke hospitali akatazamwe macho yake. Wahenga walisema, umdhaniaye ndiye, kumbe siye.

Suratul Israa, aya ya 36, inatukumbusha kuwa masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Siku hiyo "nilidhani" halitakuwa jibu la kumtosha aliyemwaga damu, wala aliyeinong'ona tuhuma ya kwanza.

Wabillahi tawfiq.