Ofisi ya NEP Imebebwa na Mlingoti: Mbona Programu za Kazi za Kanairo Zinagonga Mwamba Garissa

Cheki hii stori. Bosi yuko Westlands, ameitisha mkutano wa Zoom saa tatu asubuhi. Wasee wa Nairobi wameingia, wa Kisumu wameingia, hata wa Garissa mjini wako ndani bila shida. Kuna mmoja yuko mashinani huko Wajir. Unaona jina lake tu kwa skrini, sauti inakatika katikati ya neno, halafu anapotea kabisa. Mkutano ukiisha, ripoti inasema hakuchangia. Mwisho wa mwaka, wakati wa kupima nani amechapa kazi na nani alikuwa amelala, hiyo ripoti bado iko. Maelezo ya netiweki hayako popote.

Kama unafanya kazi na watu wa NEP, hii unaijua. Kama wewe ndiye huyo wa Wajir, unaijua zaidi.

Tunaambiwa kila siku kwamba teknolojia imeua umbali, na usinielewe vibaya, kwa kiasi ni kweli. Garissa hadi Nairobi ni karibu kilomita 370. Mandera ni zaidi ya 1,000. Aprili 2024, mafuriko ya Mto Tana yalipokata barabara pale Mororo, watu walianza kuvuka kwa mashua, na moja ikazama na abiria. Siku kama hiyo, kumaliza kikao kwa simu badala ya kusafiri kunaweza kukuokolea maisha. Kwa hivyo sina ubishi na hizi zana zenyewe. Ubishi wangu uko na kile ambacho zimechukulia kuwa kipo kabla hujaziwasha: mtandao, stima na kitambulisho.

Nairobi ilionjeshwa kidogo tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini. Intaneti ikawa konokono na kila mtu akaingia X kulia. Julai 2023 pia, eCitizen iliposhambuliwa na wadukuzi, huduma zikakwama na nchi nzima ikaongea. Ilichukuliwa kama dharura, na ilifaa. Sasa fikiria hiyo iwe wiki yako ya kawaida, na hakuna waziri anayekuja kwa TV kukueleza kitu.

Tuanze na milingoti, maana hapo ndipo kuna damu.

Kwa miaka, Al-Shabaab wamekuwa wakilipua milingoti ya mawasiliano Mandera, Wajir na Garissa. Hesabu yao ni rahisi: mlingoti ukianguka, hakuna wa kuwapigia polisi. Tarehe 13 Januari 2020 walivamia Kamuthe, kaunti ya Garissa, wakaua walimu watatu. Kwenye shambulio hilo hilo walilenga pia kituo cha polisi na mlingoti wa simu. Baada ya hapo TSC ikaanza kuwahamisha walimu wasio wenyeji, na shule nyingi za eneo hilo zikabaki na wanafunzi bila wa kuwafundisha. Miezi miwili baadaye Covid ikabisha hodi, shule zote nchini zikafungwa, na masomo yakahamia redioni, kwa TV na YouTube. Jiulize, mtoto wa kijiji ambacho mlingoti umepigwa alikuwa afungue YouTube na nini.

Mlingoti ukilipuliwa haurudi kesho. Fundi haendi bila ulinzi. Kampuni nayo inapiga hesabu kama kredo inayonunuliwa hicho kijiji inalipa gharama ya kuujenga tena. Huku nyuma, mwalimu, muuguzi na chifu wanarudi kwa ile njia ya kitambo, kupanda nduthi hadi mahali simu inashika. Ukiwa mpakani, simu yako inaweza kushika Hormuud ya Somalia kabla ishike kampuni ya Kenya, na kuna wasee wa Mandera ambao kubeba laini ya ng'ambo ni kawaida kama kubeba chaja. Hebu tafakari hiyo: msee wa Kenya, ndani ya Kenya, anategemea mlingoti wa nchi jirani ndio ujumbe wake ufike Nairobi. Na bosi bado anauliza mbona hajajaza ile fomu ya Google.

Lakini kuna zana moja ya kazi ambayo naona iliielewa NEP, na huwezi kusikia ikisifiwa kwa zile hafla za vijana wa teknolojia. Inaitwa eCHIS. Ni mfumo wa wahudumu wa afya ya jamii, wale akina mama na vijana wanaotembea nyumba kwa nyumba. Tarehe 25 Septemba 2023, pale Uhuru Park, Rais Ruto aliwazindua wahudumu zaidi ya 100,000 wa nchi nzima wakiwa na mikoba ya vifaa na simu janja. Kila mmoja anatarajiwa kufuatilia nyumba kama 100.

Uzuri wake uko kwa jinsi ilivyotengenezwa. Mhudumu akifika boma ambalo halina hata dalili ya mawimbi, programu haimgombezi. Anasajili familia, anaandika kwamba mama ana mimba ya miezi saba, kwamba mtoto ana homa, na programu inamwongoza maswali ya kuuliza na lini ampeleke mtu hospitalini. Yote inakaa ndani ya simu. Siku mbili baadaye akipita mahali kuna netiweki, inajituma yenyewe, na msimamizi wake anaona nani ametembelewa na nani amesahaulika. Hakuna karatasi ya kuloa mvua, hakuna kunakili usiku kwa taa ya simu. Kwa watu wanaohama na ngamia wakifuata malisho, ambapo boma la leo wiki ijayo halipo, hiyo ni kazi kubwa sana inafanywa na simu ndogo.

Sisemi kila kitu huko ni asali. Hao wahudumu wanaahidiwa 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti, na malalamiko ya kucheleweshewa yamesikika kutoka kaunti tofauti. Programu iwe tamu namna gani, msee hawezi kupiga mguu kwa jua la Garissa mwezi mzima akilishwa hewa. Ila ukiitazama kama zana tu, waliotengeneza waliuliza swali la maana: mtandao ukipotea, kazi itaendelea aje?

Linganisha na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF kuanzia 1 Oktoba 2024. Kujisajili kulipewa njia ya *147#, ambayo inafanya hata kwa kabambe, na hapo walicheza kama wao. Shida iko hospitalini. Mgonjwa lazima athibitishwe kwa mfumo wakati huo huo, na mfumo ukilala, foleni inalala nao. Nairobi watu wamelia na hiyo maneno. Sasa weka hospitali ndogo ya mashinani, yenye mtandao wa kubahatisha, na karani ambaye yeye ndiye anatukanwa na jamaa wa mgonjwa kwa sababu seva iko mbali na haoni haya.

Tukija kwa ofisi za kawaida, tuambiane ukweli: ofisi ya NEP ni WhatsApp. Kaunti, mashirika, wafanyabiashara wa mifugo, kamati za maji, wote wako huko. Slack na Trello ni za mawasilisho ya wafadhili. Na ndani ya WhatsApp, mfalme ni ujumbe wa sauti, wa Kisomali, wa dakika nne. Kuna sababu. Kisomali kilianza kuandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini mwaka 1972 tu, tena huko Somalia, na shule za Kenya zimefundisha watoto kusoma Kiingereza na Kiswahili. Mzee wa kamati ya kisima anaweza kukupangia zamu za wiki nzima kwa mdomo bila kukosea jina hata moja, lakini ukimwambia aandike, umemfukuza kwa mkutano. Sauti ikamrudisha. Hiyo ni ushirikiano wa kazi kuliko programu yoyote ya kulipia, na tena ujumbe wa sauti unasubiri. Ukituma netiweki ikiwa imeenda, utaondoka ikirudi. Zoom haina hiyo subira.

Kasoro yake ni kumbukumbu. Nenda utafute leo nani alikubali kulipia dizeli ya pampu Machi iliyopita. Utasikiliza sauti 60 ukitafuta sentensi moja. Na afisa akipata uhamisho, anaondoka na simu yake, na ofisi nzima imeondoka ndani ya mfuko wa suruali. Mgeni anayechukua kiti chake anaanza sifuri, anauliza watu upya, na watu wanachoka naye. Kama wewe ndiye admini wa kikundi cha namna hiyo, fanya kitu kidogo: baada ya kila uamuzi, andika mstari mmoja wa maandishi wenye tarehe, jina la mtu na kiasi cha pesa, kisha ubandike juu. Wasiosoma watasomewa. Ijumaa nakili hiyo mistari kwa daftari la ofisi. Ndiyo, daftari. Halihitaji chaja.

Na tukitaja chaja: Garissa kuna mtambo wa jua wa megawati 50 na ushee, uliofunguliwa rasmi Desemba 2019, ukisifiwa kuwa mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki na Kati. Umeme wake unaingia gridi ya taifa. Miji ya Wajir na Mandera, kwenye jua hilo hilo, imeishi miaka na miaka kwa jenereta za dizeli. Cheka kama una roho ya kucheka.

Sasa kitambulisho, ambacho wengi hawakihesabu kama kifaa cha kazi. Angalia Dadaab. Kambi zilianza 1991, na kuna vijana wa Ifo, Hagadera na Dagahaley ambao hawajawahi kujua kwingine. Shirika la ITC la biashara ya kimataifa, pamoja na NRC, liliwafundisha baadhi yao kazi za mtandaoni kama kutafsiri, kunakili sauti na kuchora kwa kompyuta. Wakaunda kikundi chao, Dadaab Collective Freelancing Agency, ili mteja wa ng'ambo ashughulike na timu badala ya kijana mmoja anayeweza kupotea stima ikienda. Wazo safi kabisa. Lakini majukwaa ya kazi yanataka uthibitishe wewe ni nani, na njia za kulipwa zinataka hivyo pia. Karatasi ya mkimbizi hapo mara nyingi inapigwa teke. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inatambua haki yao ya kufanya kazi, ila kati ya sheria na pesa kuingia kwa simu kuna ofisi nyingi na foleni ndefu.

Na usidhani hii ni ya wakimbizi pekee. Kuna Wakenya kamili wa Garissa ambao familia zao, enzi za ukame, ziliandikishwa kambini ili kupata chakula. Alama za vidole zikabaki kwa orodha ya wakimbizi, na walipofika 18 wakaambiwa si Wakenya. Wengine walipitia msasa wa ziada ambao kijana wa Nyeri hajawahi kuusikia. Tarehe 5 Februari 2025, akiwa Wajir, Rais Ruto alitangaza mwisho wa huo msasa kwa watu wa kaunti za mpakani. Tamko ni la maana. Lakini kijana ambaye alikosa kitambulisho miaka mitano alikosa pia laini yenye jina lake, M-Pesa yake, akaunti ya eCitizen na kila kazi ya mtandaoni iliyotangazwa wakati huo. Hiyo miaka hakuna mtu anamrudishia.

Kwa hivyo bosi wa Westlands, kabla ulipie leseni nyingine ya programu, kuna vitu vya bure. Hamisha mkutano wa kila wiki uwe ujumbe ambao mtu anaweza kujibu ndani ya siku moja. Tuma faili nyepesi, acha slaidi za picha 40. Kwa bajeti, weka kredo na pawabenki ya jua kama unavyoweka mafuta ya gari. Na kwa fomu ya kupima kazi, ongeza sehemu ya kuandika siku ambazo netiweki haikuwepo, ndio msee asilipie mlingoti ambao hakuuangusha.

Kuna matumaini yanakuja na lami. Barabara ya Isiolo, Wajir hadi Mandera, zaidi ya kilomita 700, inajengwa kwa fedha za Benki ya Dunia na mpango wake una waya wa faiba pembeni. Faiba itafika mijini. Kutoka mjini hadi Kamuthe na vijiji kama hivyo bado ni mlingoti, na bado mlingoti unataka mtu wa kuulinda usiku. Kaunti yako ikizindua programu mpya ya wafanyakazi mwaka huu, nenda pale kwa hema, subiri hotuba ziishe, halafu muombe afisa azime data ya simu yake na akuonyeshe inavyofanya kazi.