Hukumu ya Barazani

Barazani Mkomani, katika mji wa Lamu, mashindano ya mashua yaishapo hukumu huanza. Nahodha aliyeshinda husifiwa kuwa hana mfano. Aliyeshindwa, ikiwa ndevu zake zina mvi, huambiwa kuwa siku zake zimekwisha. Hakuna aulizaye upepo ulimwendea nani, wala tanga la nani lilikuwa bovu. Naipinga hukumu hii. Ni ya haraka, ni ya dhuluma, na mara nyingi ni ya uwongo.

Sikatai kwamba mwili huchakaa. Mrushaji wa mpira ni shahidi wa jambo hilo. Katika kriketi, na katika besiboli ya Marekani, bega na kiwiko cha mtu arushaye kwa kasi hubeba mzigo mzito. Kano huumia, kasi hupungua, na mpigaji aliyeuogopa mpira jana huungoja leo kwa utulivu. Mwenye kasi tu, kasi ikimtoka, hubaki mikono mitupu. Lakini je, warushaji wote huishi kwa kasi?

Mtazameni Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa. Silaha yake katika kriketi ilikuwa kuuzungusha mpira, si kuurusha kwa nguvu. Aliacha kuichezea Kenya mwaka 1999, akaitwa tena kwa Kombe la Dunia la 2003, umri wake miaka 39. Tarehe 15 Machi, mjini Durban, alikabiliana na Australia, mabingwa wa dunia. Katika mipira 50 aliyorusha, alitoa mikimbio 7 tu, akawaondoa wapigaji 3. Australia walishinda mchezo, lakini tuzo ya mchezaji bora wa siku ile ilikuwa yake. Huko Marekani, Jamie Moyer, ambaye hakusifika kwa kasi, alishinda mchezo wa ligi kuu ya besiboli mwaka 2012 akiwa na miaka 49.

Mtu ataniambia kuwa siku moja si ushahidi. Kweli, na hilo ndilo nisemalo. Siku moja ya kushinda haitabiri kesho, wala siku moja ya kushindwa. Ushindi una washirika wengi: wadakaji, uwanja na bahati. Atakaye kutabiri na apime yaliyo mkononi mwa mrushaji mwenyewe. Je, huupeleka mpira atakapo? Huwapa wapigaji nafasi za bure mara ngapi? Huwashinda mara ngapi bila msaada wa wenzake? Na apime hayo kwa michezo mingi. Nahodha naye apimwe vivyo hivyo: atazamwe mkono wake juu ya usukani upepo ugeukapo, si nafasi aliyoshika ufukoni.

Vijana, kesho ninyi ndio mtakaochagua timu ya shule, na baadaye wafanyakazi na viongozi. Msimtupe mtu kwa mvi zake, wala msimpambe kijana kwa bahati ya siku moja. Ulizeni kwanza ni lipi alilolifanya mwenyewe, na ni mara ngapi amelifanya.