Kunakili Si Kuiba

Siku ya wazazi iliyopita nilitundika ukutani picha ya msichana mwenye kilemba cha buluu na hereni ya lulu. Wenzangu wakacheka, "Umeiba!" Nayo ikaondolewa kabla wageni hawajafika. Hali chini yake niliandika wazi kwamba ni nakala ya kazi ya Johannes Vermeer, Mholanzi, aliyeichora yapata mwaka 1665, na ya asili imo katika jumba la Mauritshuis mjini The Hague.

Najua walikotoa neno lao. Elimo Njau, aliyesoma Makerere na kuwa mmoja wa waanzilishi wa Paa ya Paa huko Nairobi mwaka 1965, aliwaonya wachoraji wasinakili. Namheshimu, lakini naona onyo hilo lamhusu fundi, si mwanafunzi. Ninyi mliotutangulia hapa mlijifunza kuandika kwa kufuatisha herufi za mwalimu ubaoni. Nani aliwaita wezi?

Kwanza nilipaka rangi ya udongo iliyopunguzwa kwa tapentaini, kivuli na mwanga tu. Ilipokauka ndipo nikatia juu rangi zenye mafuta zaidi, kwani ukigeuza utaratibu huo picha hupata nyufa baadaye. Hayo hata kitabu chaweza kufundisha. Lakini pua! Nilichora mstari wa pua kama tulivyozoea, msichana akawa kinyago. Nikafuta kwa kitambaa mara tatu. Mara ya nne nikatazama vema: Vermeer hakuchora mstari hapo. Mwanga wa pua umeungana na mwanga wa shavu, na jicho la mtazamaji ndilo linaloutia mstari. Hereni nayo haina hata kulabu. Ni madoa machache ya rangi. Picha ile niliitazama kitabuni miaka miwili bila kuyaona hayo, mpaka mkono uliponilazimisha.

Wakati wa likizo nilimchora nyanya yangu. Rangi za ngozi za Mholanzi hazikunifaa hata kidogo, maana paji la uso wa nyanya hung'aa kibuluu mchana. Lakini mstari wa pua sikuutia. Nyanya alijitazama kitambo, akauliza nimelionaje kovu lake dogo chini ya jicho, ambalo hata marehemu babu hakuwahi kulitaja.

Siku ya wazazi ijayo nitaleta picha hiyo, na ile nakala nitaitundika kando yake, walimu wakiniruhusu.