Hadithi Si Mapambo, Wasee

Wasee, tuambiane ukweli. Ukiambiwa saa hii uandike insha, utaanza aje? Jogoo amewika. Jua limechomoza kutoka mashariki. Umerauka alfajiri na mapema, guu mosi guu pili. Aya nzima imeisha na bado hatujui wewe ni nani wala unataka nini.

Tulifunzwa hivyo. Insha ya KCPE ilikuwa ya alama 40, na kila mtu alikuambia misamiati ya kupamba ndiyo inaleta alama. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023, lakini mapambo yalihamia Gredi ya 7 bila kulipa nauli. Siku hizi yanakuja na orodha: ploti, wahusika, mandhari, mgogoro, mtazamo, dhamira. Watoto wanaikariri kama sala. Uliza mmoja mandhari ni nini, atakwambia "mahali na wakati." Sawa. Lakini inafanya kazi gani? Kimya.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na hadithi ndizo zinanilipia nyumba. Kwa hivyo hapa naongea kazi yangu.

Chukua hii. Kijana wa miaka 14 yuko tao, saa moja usiku. Amebeba dawa ya mamake, na mfukoni ana finje pekee. Mvua imeanza. Na unajua Nairobi: mvua ikinyesha, gari la 50 linakuwa la soo.

Hadithi iko tayari. Mhusika anataka kufika nyumbani na dawa. Mgogoro ni ile soo. Na mandhari? Toa mvua uone. Kijana anapanda, analipa, anafika, analala. Hakuna hadithi. Hiyo mvua haikuwekwa hapo ipendeze. Ndiyo ilipandisha nauli.

Ploti nayo si "halafu, halafu, halafu." Ni "kwa sababu." Kwa sababu konda alikataa finje, kijana alitembea. Kwa sababu alitembea, alichelewa. Kwa sababu alichelewa, mamake alitoka kumtafuta. Sasa isimulie upande wa konda, mwenye hesabu ya kumpelekea mwenye gari jioni hiyo hiyo. Umebadilisha mtazamo tu, na tayari hujui umlaumu nani. Dhamira imejileta yenyewe. Hukuhitaji kuandika "hadithi hii inatufunza kwamba..."

Soma "Tumbo Lisiloshiba" ya Said A. Mohamed. Jitu linaingia mkahawa wa mtaa wa mabanda na kula chakula chote. Peleka hilo jitu hoteli ya kitalii, libaki mlafi tu. Liweke Madongoporomoka, mahali watu wanaogopa kunyang'anywa ardhi, na yeyote ameona tingatinga mtaani kwao anajua ni nini hasa kinaliwa.

Najua walimu watasema darasa limejaa, na orodha ni rahisi kusahihisha. Ni kweli, na si kosa lao pekee. Lakini kuna swali moja ambalo halihitaji pesa wala vifaa: ukitoa hiki kipengele, ni nini kinaanguka? Kama hakuna, toa. Jogoo atakuwa wa kwanza kuenda.

Kinachoniuma ni hiki. Hao watoto wakati wa mapumziko wanasimulia vile mbwa alimkimbiza jirani hadi akapanda ukuta, na darasa zima linashika mbavu. Mhusika yuko, mgogoro uko, kilele kiko. Kengele inalia, wanaingia ndani, wanaandika kuhusu jua, wanapata alama za chini, na wanaambiwa hawajui insha. Wengine wanaamini hiyo maneno hadi wanazeeka.

Kama uko Gredi ya 8 na unasoma hii, andika ile ya mbwa. Anza pale mbwa amekata kamba.