Meseji za duka: mtaji ni orodha ya wateja, si kompyuta

BUKOBA – Kwa miaka mingi mwenye duka wa Kibeta au wa mjini kati amekuwa na njia zile zile za kuwatangazia wateja kuwa mzigo umeingia: bango mlangoni, kipaza sauti juu ya gari, tangazo la redio kwa mwenye uwezo, na zaidi ya yote maneno ya mteja mmoja kwa mwenzake. Siku hizi zipo kampuni zinazomwezesha kutuma ujumbe mfupi wa simu kwa wateja mia tano au elfu tano kwa mara moja. Hahitaji kununua mtambo wowote. Mitambo ni ya mtoa huduma, iko mbali na inafikiwa kwa intaneti. Mfanyabiashara anafungua akaunti, analipia salio kwa simu, anaingiza namba za wateja, anaandika na kutuma.

Faida yake kwa mkoa kama Kagera haihitaji mjadala mrefu. Mvuvi wa Goziba au Bumbire, wilayani Muleba, hawezi kuvuka ziwa kila wiki kuuliza kama nyavu zimeshuka bei. Mkulima wa Kamachumu au Nshamba akipanda gari hadi Bukoba akakuta mbegu za maharage zimekwisha, nauli ya kwenda na kurudi ni hasara yake, na duka nalo limepoteza mteja kwa msimu mzima. Simu janja hazijamfikia kila mtu na bando lina gharama, lakini ujumbe mfupi unaingia hata kwenye kitochi bila intaneti.

Teknolojia yenyewe ni kongwe. Ujumbe wa kwanza wa aina hiyo ulitumwa Uingereza Desemba 3, 1992, kabla hata simu za mkononi hazijaanza kutumika Tanzania. Kinachowasumbua wafanyabiashara leo ni imani ya anayepokea.

Ni nadra kumpata Mtanzania mwenye simu ambaye hajawahi kupokea ujumbe wa kumwambia ile hela aitume kwenye namba hii. Utapeli huo umeenea kiasi kwamba Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) imetenga namba 15040 ya kupokelea taarifa za jumbe hizo. Mteja aliyekwisha kuchoshwa na matapeli hamtofautishi kwa urahisi muuza mbolea halali na mwizi, hasa pale ujumbe unapotoka kwenye namba ngeni na kuanza na maneno "Ndugu mteja". Duka linaloanza vibaya hapo halipotezi Sh. 20 za ujumbe tu. Linapoteza jina, na katika mji mdogo ambako wateja wanakutana kanisani, msikitini, msibani na sokoni, jina lililoharibika huchukua muda mrefu kurudi.

Ndiyo maana hatua ya kwanza, kabla ya kuzungumzia bei, iwe kusajili jina la mtumaji, yaani lile linaloonekana juu ya ujumbe mahali pa namba. Jina hilo haliwezi kuzidi herufi 11 pamoja na nafasi. Mwenye duka la jina refu, na Bukoba majina ya maduka ni marefu kweli kweli, atalazimika kulikata. Alikate kwa namna ambayo wateja tayari wanaliita, si kwa vifupisho anavyovijua yeye na mhasibu wake. Mtoa huduma hupeleka maombi kwa kampuni za simu na hudai nyaraka za biashara, kwa hiyo duka lisilo na leseni wala namba ya mlipakodi lisitegemee kufika mbali.

Jambo ambalo wengi hulijua wakati wameshatuma ni kuwa ujumbe uliotoka kwa jina badala ya namba haujibiki. Mteja akiandika "mfuko shilingi ngapi?" jibu lake haliendi popote. Ni lazima namba ya duka iandikwe ndani ya ujumbe wenyewe, na awepo mtu wa kuipokea. Matangazo mangapi hutumwa Jumamosi jioni, duka limefungwa na simu imezimwa hadi Jumatatu?

Suala la pili ni orodha, na hapa ndipo palipo na hatari kubwa zaidi. Wapo wanaouza orodha za maelfu ya namba kwa bei ya kutupa, bila kueleza namba hizo zilipatikana wapi. Mfanyabiashara anayenunua orodha ya namna hiyo ananunua kesi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakataza matangazo ya biashara ambayo mteja hakuyaridhia, na inataka mtumaji ajitambulishe na ampe mteja njia ya kujiondoa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, imeongeza uzito: anayekusanya na kutumia taarifa za watu, namba za simu zikiwemo, anatakiwa kujisajili katika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kuzitumia kwa kazi ile tu aliyowaeleza wenyewe. Daftari la mikopo lenye majina na namba za wateja nalo ni taarifa binafsi. Muuza duka mwenye daftari hilo chini ya meza huenda hajawahi kuliwaza hivyo.

Kando ya sheria kuna hesabu. Orodha ya wateja 300 walionunua dukani na kukubali kuandikiwa ina thamani kuliko namba 10,000 za watu wasiojua Kibeta iko upande gani. Kuipata si kazi ngumu: daftari mezani, mteja anaulizwa kama angependa kujulishwa mzigo ukiingia, anayekubali anaandika namba, tarehe na bidhaa anayoihitaji. Asiyetaka anaachwa. Mfano mkubwa wa hiari hiyo upo hapa hapa nchini. Kampeni ya Wazazi Nipendeni, iliyoanza mwaka 2012, iliwataka wajawazito na wenza wao watume wenyewe neno MTOTO kwenda namba 15001 ndipo waanze kupata ujumbe wa afya bila malipo. Aliyeomba mwenyewe husoma.

Sasa gharama. Bei hutofautiana kwa mtoa huduma na kwa wingi wa ununuzi, lakini tuseme ujumbe mmoja ni Sh. 20 na wateja ni 1,000. Mwenye duka anapiga hesabu ya Sh. 20,000 na kuridhika. Asichokiona ni kuwa ujumbe mmoja ni herufi 160, nafasi na nukta zikihesabiwa, na ukizidi hapo hugawanywa vipande vya herufi 153 na kila kipande hulipiwa. Upo na mtego mwingine ambao Kiswahili huuingia kwa urahisi. Mtu anaandika tangazo la chakula cha ng'ombe kwenye programu ya kompyuta, ambayo humgeuzia ile alama ya juu katika "ng'ombe" kuwa ya kupinda, kisha anainakili kama ilivyo. Alama hiyo iliyopinda haimo katika herufi za kawaida za mitandao ya simu, kwa hiyo ujumbe wote unahamia mfumo mwingine wenye herufi 70 tu, au 67 kwa kila kipande ukigawanywa. Tangazo la herufi 150 linakuwa vipande vitatu. Sh. 20,000 zimekuwa 60,000 kwa ajili ya ng'ombe mmoja. Dawa yake ni kuandika alama hiyo upya kwa mkono na kutazama idadi ya vipande kabla ya kutuma.

Taarifa ya "imefika" nayo isomwe kwa makini. Kwa baadhi ya watoa huduma ina maana kuwa kampuni ya simu imeupokea ujumbe, si kwamba simu ya mteja imeupata. Aidha, tangu Machi 2017 mteja anaweza kuhama kampuni akabaki na namba yake ile ile, hivyo tarakimu za mwanzo hazitoshi tena kuonyesha yuko mtandao gani. Mtoa huduma asiyeweza kueleza jinsi anavyozishughulikia namba zilizohama apewe pesa kidogo kidogo, au asipewe kabisa.

Wapo wanaosema mkoani hapa matumizi bora ya meseji yangekuwa kwenye kahawa: chama cha msingi kiwatumie wanachama bei ya mnada, ili mkulima asiuze butura, yaani kahawa ingali mtini, kwa bei ya kutupa. Wazo ni jema, na Kenya soko la KACE, lililoanzishwa mwaka 1997, lilipeleka bei za mazao kwa wakulima kwa njia hiyo hiyo. Hata hivyo lisitarajiwe kufanya miujiza. Anayeuza butura mara nyingi bei anaijua vizuri. Anachokosa ni ada ya mtoto au pesa ya hospitali leo jioni, na mnunuzi wa butura analo jibu mfukoni. Ujumbe wa bei utamsaidia yule mwenye uwezo wa kusubiri wiki mbili, na kwa huyo chama kina wajibu wa kutuma bei sahihi, ya siku ile, pamoja na tarehe ya malipo. Tarehe ya malipo ndiyo wanachama huiuliza kuliko kitu kingine chochote, na ndiyo isiyoandikwa.

Kwa mwekezaji mdogo anayefikiria kuwa wakala, kununua salio kwa jumla na kuwauzia wenzake wa Bukoba na Muleba, picha haivutii sana. Faida kwa kila ujumbe ni ya senti na shilingi chache, bei ya jumla inaamuliwa na kampuni za simu, na wakala mwingine anaweza kuanza kesho akiwa na kompyuta moja. Bomba nalo linaweza kufungwa. Oktoba 2020, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, TCRA iliziagiza kampuni za simu zisitishe huduma ya jumbe za wingi kuanzia Oktoba 24 hadi Novemba 11. Kwa karibu wiki tatu aliyekuwa amelipia salio alikaa nalo. Wakala asiye na kazi nyingine katika kipindi kama hicho hana la kula. Anayeweza kudumu ni yule anayeuza kazi yenyewe: kuandika ujumbe unaosomeka, kusafisha orodha, kusajili majina ya watumaji na kujibu simu za wateja kwa niaba ya maduka yasiyo na muda huo. TCCIA mkoani ingeweza kuwasaidia wanachama wake kujadiliana bei kwa pamoja, lakini kila duka libaki na jina lake na orodha yake. Kuchanganya orodha za maduka kumi ni kuvunja ahadi iliyotolewa kwa mteja mezani.

Orodha isiachwe ndani ya akaunti ya mtoa huduma peke yake. Nakala iwe dukani, kwa kuwa siku ya kugombana kuhusu salio lililoisha muda, mwenye duka asiye na nakala atakuwa hana cha kuhama nacho.

Mwenye duka la pembejeo mwenye namba 200 tu za wateja waliokubali anazo za kutosha kuanzia. Atume ujumbe mmoja mwezi wa nane, kabla ya mvua za vuli, wenye bidhaa, bei, siku ya mwisho na namba ya kupiga, usizidi herufi 160. Kisha kwa wiki mbili amuulize kila anayeingia kama aliupata, na aandike. Wakija kumi wakanunua, gharama ya Sh. 4,000 imerudi. Wasipokuja, asitume wa pili hadi awe amewapigia simu watano kati yao kuuliza kulikoni.