Tiba Ivukapo Bahari, Ni Nani Afunguliwaye Mlango?

Juu ya jengo la kampuni ya chuma ya U.S. Steel mjini Pittsburgh, nchini Marekani, jengo lenye ghorofa 64, zilipandishwa mwaka 2008 herufi nne kubwa: UPMC. Mtu asiyeujua mji ule angedhani kwamba hilo ni jina la kiwanda kingine. La, ni jina la jumuiya ya hospitali zilizoshikamana na Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Tanuri nyingi za chuma zilizimwa pale katika miaka ya 1980, na sasa kazi ya kuwatibu watu yaajiri wengi kuliko chuma. Wala jumuiya hiyo haikutosheka na nyumbani kwake. Imefika Italia, imefika Ireland, na hata Kazakhstan imepeleka ushauri wake.

Wako wasemao kwamba hospitali ya chuo kikuu ya nchi tajiri ikifungua mlango ng'ambo, huo ni ukoloni uliovaa koti jeupe. Wako pia wasemao kwamba ni fadhila tupu, nasi hatuna la kufanya ila kushukuru. Kwa maoni yangu, wote hao wana haraka. Maarifa ya tiba hayana budi kusafiri, maana maradhi nayo hayana kwao. Linalopasa kuchunguzwa ni mkataba: nani analipa, nani anafundishwa, na nani anaruhusiwa kuingia.

Tuutazame mji wa Palermo, katika kisiwa cha Sicily. Kisiwa hicho chenye watu wapatao milioni tano hakikuwa na mahali pa kupandikiza ini. Mgonjwa ambaye ini lake limeharibika ilimlazimu kuvuka bahari, aende kaskazini mwa Italia au nchi za nje, akawe mgeni kitandani kwa miezi. Huko Pittsburgh nako alikuwako Daktari Thomas Starzl, aliyepandikiza ini la binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1963 akiwa Denver, kisha akahamia Pittsburgh mwaka 1981 na kuufanya mji huo kuwa shule ya ufundi huo kwa dunia nzima. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Mwitalia, Ignazio Marino, ambaye baadaye alipata kuwa Meya wa Roma.

Mwaka 1997 serikali ya Sicily na hospitali za umma za Palermo ziliungana na UPMC kuanzisha taasisi iitwayo ISMETT. Marino akawa mkurugenzi wake wa kwanza. Ini la kwanza lilipandikizwa mwaka 1999, na mwaka 2004 taasisi ikahamia katika jengo lake yenyewe. Wamarekani walileta wapasuaji, wauguzi na taratibu za kazi. Waitalia wakapelekwa Pittsburgh kujifunza, wakarudi kushika nafasi. Lililo kubwa zaidi ni kwamba mgonjwa huingia pale kwa mlango wa huduma ya afya ya taifa, ambayo Italia iliiunda mwaka 1978. Mvuvi na wakili hulala wodi moja, na anayelipa ni serikali. Mwaka 2014 Wizara ya Afya ya Italia iliitambua ISMETT kuwa taasisi ya utafiti wa kitaifa.

Hapa pana jambo ambalo wanaosifu majengo mapya hulisahau. Kisu chaweza kuletwa kwa ndege, mashine yaweza kuletwa kwa meli, lakini ini haliletwi kutoka Pittsburgh. Latoka kwa marehemu wa hapo hapo, ambaye jamaa zake wamekubali katika saa ya msiba kwamba kiungo chake kimwokoe mtu wasiyemjua. Hawatakubali wakishuku kwamba viungo huwaendea wenye fedha. Kwa hiyo huduma ya namna hii haisimami bila sheria inayoheshimiwa, damu salama, maabara inayofanya kazi usiku, na dawa ambazo mgonjwa atazimeza maisha yake yote. Mgeni hafiki na vitu hivyo mkobani. Wenyeji ndio wa kuviandaa, na wasipoviandaa, hospitali ya fahari itabaki kuwa ukumbi wa kupigia picha.

Sisi wa Afrika Mashariki tunayajua haya. Kwa miaka mingi wagonjwa wetu wa figo walikuwa wakisafirishwa kwenda India, kila mmoja na ndugu wa kumtolea figo, kwa gharama iliyoelemea serikali na jamaa. Novemba 2017, katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, figo ilipandikizwa kwa mara ya kwanza nchini Tanzania, madaktari wa hapo wakifanya kazi pamoja na wenzao wa hospitali ya BLK ya New Delhi. Safari iligeuzwa: badala ya mgonjwa kumfuata mwalimu, mwalimu alimfuata mwanafunzi.

Lakini jumuiya hiyo hiyo ya Pittsburgh ina nyuso nyingine. Huko Ireland ilianza mwaka 2006 na kituo cha mionzi ya saratani mjini Waterford, kisha ikajipatia hospitali za kibinafsi. Mjini Roma iliingia mwaka 2018 katika hospitali ya kibinafsi ya Salvator Mundi. Sisemi kwamba tiba itolewayo huko ni mbovu. Yamkini ni bora sana. Ila swali la kwanza mlangoni ni la bima au la mfuko, na hilo ni tofauti na Palermo kama usiku na mchana.

Tena nyumbani. Karibu na Pittsburgh upo mji mdogo wa Braddock, ambako Andrew Carnegie alijenga kiwanda chake cha kwanza cha chuma mwaka 1875. Wakazi wake leo ni wachache, na wengi wao ni Weusi na maskini. Tarehe 31 Januari 2010 UPMC iliifunga hospitali ya Braddock, ikieleza kwamba haitumiwi vya kutosha na inaleta hasara. Wakazi waliandamana, wala haikusaidia. Mwaka 2012 UPMC ikafungua hospitali mpya huko Monroeville, kitongoji chenye watu wa hali nzuri zaidi. Mwaka uliofuata Meya wa Pittsburgh aliishtaki UPMC mahakamani, akidai kwamba haistahili kusamehewa kodi kama shirika la hisani. Kesi iliondolewa mwaka 2014, lakini watu wa Braddock hawakurudishiwa hospitali yao.

Basi serikali yoyote ya jirani zetu itakayoletewa mkataba wa namna hii na chuo kikubwa cha ng'ambo, na itume mtu Palermo akaulize jinsi ulivyoandikwa ule wa kwao, na mtu mwingine Braddock. Kisha waketi pamoja na kuusoma wao ukurasa kwa ukurasa: baada ya miaka kumi mkurugenzi atakuwa nani, jengo litakuwa mali ya nani, na mkulima asiye na bima ataingilia mlango gani.